Sampuli Ioshwe Kwanza

Mama yule aliingia dukani mchana wa jua kali akitaka sweta la baridi. Aliweka mfuko wa sufu mezani, akaweka juu yake ukurasa uliochanwa kwenye jarida la zamani, akavuta kiti bila kusubiri kukaribishwa. Alisema hataki kuzungushwa. Uzi anao, kielelezo anacho, kilichobaki ni mikono ya kufuma, na kila aliyemuuliza mjini alimwelekeza hapa.

"Basi umefika, mama," alisema Shangazi, mwenye duka. "Mikono ni ya huyu binti wa kaka yangu. Mimi siku hizi nimebaki na mdomo."

Binti mwenyewe alikuwa karibu na dirisha akimalizia shingo ya sweta la mtoto mchanga. Waliomjua walimwita Sindano. Jina alilipata utotoni kwa wembamba wake, na alipofika miaka thelathini na tatu lilikuwa limemkaa zaidi, maana alikuwa akisema neno dogo likapenya. Aliweka kazi kando, akamwamkia mgeni kwa heshima, akauliza sweta ni la nani.

La mwanawe, alijibu mgeni. Akaongeza, bila kuulizwa, kwamba yeye ni mkunga aliyestaafu, kwamba nusu ya watu wanaopita barabara ile aliwapokea kwa mikono yake, na hakuna hata mmoja aliyekuja duniani na nguo. Kwa hiyo mambo ya kufuma hayajui, na haoni aibu kusema.

Sindano akauchukua ule ukurasa. Pichani mwanamume alisimama juu ya mawe, amevaa sweta nene lenye misuko mitatu iliyopanda kifuani kama kamba. Chini ya picha kulikuwa na maelekezo ya herufi ndogo. Akayasoma kwa kidole, kisha akaingiza mkono mfukoni akatoa donge moja la uzi. Ilikuwa sufu nzuri, laini, ya rangi ya buluu iliyofifia kama moshi wa mbali. Akavuta ncha, akaisokota vidoleni, akaizungusha kwenye rula kuona inajaza kiasi gani. Kisha akakaa kimya kidogo zaidi ya inavyompendeza mteja.

"Sema," Mkunga alimwambia. "Nimetoa habari mbaya maisha yangu yote. Naweza na kuzipokea."

"Si mbaya, mama. Ila uzi wako na kielelezo chako havijuani."

Akamweleza taratibu. Kielelezo kiliandikwa kwa uzi mnene, ule ambao vitanzi kumi na sita vikifumwa hujaza sentimita kumi. Uzi huu wa buluu ulikuwa mwembamba. Sentimita hizo hizo zingemeza vitanzi ishirini na viwili.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nikifuata hesabu iliyoandikwa hapa, nitakufumia sweta zuri sana la mtoto wa darasa la sita."

Shangazi akacheka mpaka akashika mbavu. Mkunga hakucheka. Alisema mwanawe anagusa juu ya fremu ya mlango bila kuinua visigino. Akashauri zitumike sindano nene zaidi, vitanzi vipanuke. Sindano akamjibu kwamba hapo atapata wavu, na baridi itapita inavyotaka, itoke na irudi. Akampendekezea kielelezo kingine, chepesi, kinachoufaa uzi ule. Mkunga akakataa. Alitaka ile misuko. Alikuwa ameitazama picha hiyo wiki nzima, na kila akiitazama alimwona mwanawe ndani yake, amepata joto.

"Basi tuufume mara mbili," Sindano alisema. "Nyuzi mbili kwa pamoja, kama uzi mmoja. Unene utafika."

"Si ungesema mapema?"

"Madonge uliyonayo hayatoshi kujirudia. Itabidi uzi wako upate mwenzake."

Wakaenda wote wawili kwenye rafu. Hapo Mkunga akaonyesha kwamba macho yake hayajastaafu. Kila uzi Sindano alioutoa, akausogeza pamoja na ule wa buluu hadi dirishani, kwenye mwanga wa kweli, kwa sababu taa ya dukani husengenya rangi. Mweusi uliumeza ule wa buluu usionekane kabisa. Mweupe uliwafanya wote wawili waonekane wagonjwa. Wa kahawia ulikaribia, lakini Mkunga alisema unamkumbusha blanketi la wodini. Mwishowe Sindano akatoa uzi wa kijivu cha jiwe, akausokota na wa buluu kidoleni kwake, akanyoosha kidole kwenye mwanga. Rangi mbili zikawa tatu. Mkunga akakishika kile kidole, akakigeuza huku na huku.

"Huyo," alisema. "Huyo ndiye mwenzake."

Wa kijivu uliokuwa rafuni ulikuwa donge moja tu. Mengine yalikuwa ghalani, nyumbani kwa Shangazi, mtaa wa pili. Hilo moja lilitosha sampuli. Sindano akaeleza utaratibu wake: atafuma kipande kidogo, akioshe, kikauke, ndipo apime. Bila hivyo hachukui kazi ya mtu. Sufu ikiwa kavu huficha tabia. Ikiguswa na maji ndipo husema kama itanyooka au itajikunja, na sweta lililopimwa kabla ya kuoshwa limewahi kumfika mwenyewe magotini.

"Kama waume," alisema Mkunga. "Laiti tungeweza kuwaosha kwanza."

Hapo wakacheka wote watatu, na Sindano akajikuta amempenda yule mama. Lilikuwa jambo jepesi, la kawaida, kama unavyompenda mtu mliyesimama naye kwenye foleni. Akavuta karatasi ya vipimo akauliza mwili wa kijana ukoje.

"Nimekuja na shati lake," Mkunga alisema, akalitoa mkobani na kulitandaza mezani.

Lilikuwa shati jeupe la kazi, la mikono mirefu, limepigwa pasi. Kifungo cha tatu kilikuwa kimeshonwa kwa uzi wa kijani.

Sindano alikitazama kile kifungo. Alikishona yeye. Alikishona hapo hapo, kwenye kiti kile cha dirishani, siku ambayo uzi mweupe ulikuwa umeisha. Mwenye shati alikuwa bado amelivaa, akimcheka kwa jinsi alivyokata uzi kwa meno karibu na kifua chake. Baadaye Sindano alimwambia atakibadilisha. Yeye akasema kisiguswe.

Mwenye shati alikuwa fundi wa minara ya simu. Wenzake walimwita Ngazi kwa urefu wake, na yeye Sindano alimwita hivyo pia, kwa sauti ambayo wenzake hawakuwa nayo. Alikuja dukani mara ya kwanza kutafuta glavu zisizo na ncha za vidole, ili ashike skrubu ndogo huko juu, na tangu hapo hazikupita siku nyingi bila glavu hizo kupata tatizo jipya. Mwaka ulipopita wakazungumza habari za ndoa. Ngazi akamwambia mama yake kwamba binti ana miaka mitatu zaidi yake, na kwamba aliwahi kuolewa akaachika. Mama akasema hapana. Sindano alipoipata habari hiyo, akamwambia Ngazi wasimame hapo. Nyumba ya watu huingiwa kwa mlango, alimwambia, sitaingia kwa dirisha. Ngazi alisimama sana pale mlangoni, kisha akaondoka, na tangu hapo miezi mitatu ilikuwa imekwenda kimya.

Sasa huyu hapa mwenye mlango, amekaa, amevua viatu, anajipepea kwa ule ukurasa wa jarida.

Hakumjua Sindano. Angemjuaje? Nyumbani kwao Ngazi alitaja jina lake halisi, ambalo hata Shangazi alilitumia akiwa amekasirika tu. Sindano aliona njia mbili tu mbele yake. Aseme, na mama achukue mfuko wake aende zake. Au anyamaze, afume, na sweta liwe kitu cha mwisho atakachomfanyia mtu ambaye, hata sasa, Sindano akisikia ngazi ikiburutwa barabarani hugeuka kumtafuta. Hakujidanganya kwamba kulikuwa na njia ya tatu. Akaitandaza mikono ya shati, akapima kifua, akaandika.

"Atakwenda wapi, mama, kwenye baridi hivyo?" Shangazi aliuliza.

"Mlimani. Ni mtu wa minara. Kuna kituo huko juu hakuna anayekitaka, yeye ameomba mwenyewe. Mwisho wa mwezi anaondoka."

Mdomo wa Shangazi ukabaki wazi. Akatazama shati, akatazama kifungo, akamtazama Sindano, na macho yake yakaanza kusema maneno ambayo hata kipofu angeyasikia. Sindano akamwahi. Akamwomba aende ghalani akalete madonge yote ya kijivu. Shangazi akasema yanaweza kusubiri. Sindano akasema hayawezi. Shangazi akakumbuka mguu unamuuma. Sindano akampa mwavuli wa jua. Akatoka akigeuka nyuma kila hatua, kama mtu anayetolewa harusini kabla ya chakula.

Sindano akashika sindano mbili, akaziunga nyuzi, akaanza kufuma. Alipofika safu ya sita akaona kipande kimekakamaa kama kadi ya kiberiti. Akafumua yote.

"Mbona unaharibu?" Mkunga aliuliza.

"Nimekaza mno."

"Kaza kidogo, legeza kidogo. Ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia wale wazazi wangu." Akajinyoosha kwenye kiti. "Pumua, mwanangu. Sweta halizaliwi leo."

Akapumua. Mara ya pili vitanzi vikakaa vizuri, na msuko mmoja ukapanda katikati, wa buluu na kijivu, umetulia. Akakiloweka kipande kwenye bakuli la maji vuguvugu, akakifunga kwenye taulo na kukikanyaga kwa mguu, akakitandaza kwenye ubao mbele ya feni. Ikabaki kungoja. Na mtu akikaa anangoja, na feni inavuma, na aliye mbele yake ni mgeni asiyemjua, maneno humtoka.

Mkunga alianza kwa kusema mwanawe hali siku hizi. Anakaa mezani, anasukuma chakula pembeni ya sahani kama mtoto anayeficha, anasema ameshiba. Kisa ni mwanamke. Amekwenda kumpenda mwanamke mkubwa kwake, tena aliyeachika, na yeye kama mzazi akakataa, kama ambavyo mzazi yeyote mwenye akili angekataa.

"Nikamngoja anibishie," alisema. "Nilikuwa nimejiandaa. Nimezoea kubishana na watu wenye uchungu. Akasema, sawa mama. Basi. Sawa mama, akaenda kulala. Afadhali angepiga mlango."

Sindano alishika sweta la mtoto mchanga ili apate pa kutazama. Akauliza kwa sauti ya kawaida yule mwanamke alikuwa mtu wa namna gani.

Mkunga akakiri kwamba hajui. Anauza dukani, au kitu kama hicho. Aliposikia aliwahi kuolewa, mengine hayakumwingia.

"Na unajua alifanya nini? Alimwacha mwanangu. Yeye. Eti hataki kuingia nyumba ambayo mama hajafungua mlango. Uliona wapi ujeuri huo?"

"Labda ilikuwa adabu."

"Adabu ya kumwacha mtoto wa mtu anakonda?"

"Angefanyaje, mama? Angekuja kukugongea?"

Mkunga akageuka. Akatazama feni. "Ningemfukuza," alisema. "Lakini ningekuwa nimemwona."

Sindano alitamani kusema, mimi hapa, nione. Maneno yalifika kwenye meno, akayarudisha. Aliogopa kwamba yule mama atadhani uzi, sampuli, feni, yote ilikuwa mtego. Akainuka akagusa kile kipande. Kilikuwa kimekauka. Akakilaza mezani, akaweka rula, akahesabu, akahesabu tena.

"Kumi na sita," alisema.

Mkunga akaja kuhesabu mwenyewe. Ilikuwa kumi na sita, bila kitanzi kuzidi. Akakipitisha kipande kwenye shavu lake, akafumba macho. Alisema ni kama picha ile, tena bora kuliko picha, na kwamba ameshaona watu wengi wanaojisifia kazi zao lakini huyu anasubiri kazi iseme. Akauliza kama ana mume. Sindano akajibu hapana, akainamia karatasi haraka, akaanza hesabu za sweta kwa sauti, kama alivyofanya kwa kila mteja tangu alipojifunza kazi. Mgongo, vitanzi kadhaa. Kifua, kadhaa, na vya misuko viongezwe. Shingo. Kalamu ilikwenda mbio, na akili yake, ambayo ilikuwa imechoka kujilinda, ikapata raha kwenye tarakimu, ikasahau.

"Mkono wa kulia sentimita sitini na mbili," alisema huku akiandika. "Wa kushoto nitaufunga mapema, hamsini na tisa, kwa sababu ule ni mfupi."

Kalamu ikasimama.

Mkunga alinyoosha mkono, akaivuta mikono ya shati pale mezani, akailaza ubavu kwa ubavu, mshono kwa mshono. Ilikuwa sawasawa, kama mikono ya shati lolote la dukani.

"Rudia," alisema.

Sindano akaifunika ile tarakimu kwa kiganja.

"Mwanangu alianguka kutoka juu ya tangi la maji akiwa na miaka tisa. Mfupa ukaunga vibaya. Anakunja mikono ya shati mvua na jua ili watu wasione. Huko kazini wanaopanda minara pamoja naye hawajui. Binti niliyemtafutia mimi alikaa naye mezani mara nne asione." Sauti ya Mkunga ilikuwa ya chini, ya kazini. "Wewe umejuaje?"

Alijua kwa sababu ya shada la uzi. Ngazi alikuwa akimshikia shada, mikono yote miwili mbele, yeye akikunja madonge, na kila mara uzi uliteleza upande wa kushoto. Wiki kadhaa aliuona, hakuuliza. Jioni moja Ngazi mwenyewe akashusha mikunjo ya shati, akanyoosha mikono yote miwili mbele yake, akamwacha atazame. Hayo Sindano akayasema, bila kuruka hata moja, na alipomaliza akawa amelitaja jina lake mwenyewe, lile Mkunga alilolisikia nyumbani.

Mkunga akakaa. Uso wake ulibadilika mara mbili tatu, na hakuna uliokuwa mzuri.

"Umeniacha nijivue nguo mbele yako."

"Ndiyo, mama."

"Ulijua tangu lini?"

"Ulipotoa shati. Hicho kifungo nimekishona mimi." Sindano aliweka kalamu chini. "Ningesema wakati ule, ungeondoka. Uzi huu angeupata fundi mwingine, akafuata kielelezo kama kilivyo, na mwanao angekwenda mlimani na sweta la mtoto. Nilitaka apate joto. Sikutaka kitu kingine." Kisha akasema kweli yote. "Nilitaka. Lakini sikukitarajia."

"Mficha uchi hazai," Mkunga alisema. "Na wewe ulikuwa unaficha."

"Nilikuwa naogopa."

Yule mama akaanza kurudisha madonge mfukoni, moja moja, akiyasukuma kama yamemkosea. Sindano hakumzuia. Alipomaliza, akabaki ameshika mfuko mapajani, haondoki.

"Uliachika kwa nini?"

"Alitaka niache kazi, nikaacha. Akataka niache kuja kwa shangazi yangu, nikaacha. Akataka niache kucheka na majirani, nikaacha. Nikaona kilichobaki cha kuacha ni yeye."

Kitu kilipita mdomoni mwa Mkunga, karibu kiwe kicheko, akakizuia. "Hilo mwanangu hakuniambia."

"Mengine hayakukuingia, mama. Umesema mwenyewe."

Wakati huo mlango ukafunguka na Shangazi akaingia nyuma ya mzigo wa sufu, haonekani isipokuwa miguu. Akautua mezani. Akaona mfuko umefungwa, akaona nyuso, akaelewa kwamba bomba limepasuka akiwa hayupo.

"Huyu ni wako?" Mkunga alimuuliza, akimnyooshea Sindano kidole.

"Kazaliwa na kaka yangu. Kulea nimelea mimi."

"Ni jeuri."

"Sana."

"Ni mwongo?"

"Hata kuanza hajui. Angejua, tungekuwa na duka la ghorofa." Shangazi akafuta jasho. "Mteja akija na uzi mbaya anamwambia uzi mbaya. Nimepigana naye miaka mingi, mama, nimeshindwa. Na wewe utashindwa."

Mkunga akamtazama Shangazi, kisha akatazama sampuli pale mezani, kisha nje, ambako watu walikuwa wakipita na shughuli zao, wengine labda aliwapokea yeye. Sindano alisikia feni ikivuma. Alijua kwamba akisema neno lolote litakuwa ombi, na hakutaka kuomba.

Mkunga akatoa simu.

"Uko wapi?" alisema. "Bado uko ofisini? Njoo kwenye duka la nyuzi, lile la mkabala na posta. Unalijua?" Akasikiliza. Akamgeukia Shangazi. "Eti analijua." Akarudi kwenye simu. "Mbona umenyamaza? Njoo upimwe. Shati halitoshi, fundi anataka mwili wenyewe. Hapana, sijagombana na mtu. Hapana, sisemi zaidi. Njoo."

Akakata. Akafungua mfuko, akaanza kuyatoa madonge tena na kuyapanga mezani, la buluu kando ya la kijivu, huku akisema kwa ukali kwamba hajakubali chochote, kwamba miaka mitatu ni miaka mitatu, kwamba mtu haolewi kwa sababu anajua kuhesabu vitanzi. Sindano akajibu kila mara, ndiyo mama. Shangazi, kwa mara ya kwanza tangu duka lifunguliwe, hakusema kitu.

Ngazi alifika akiwa amevaa viatu vyake vizito vya kupandia. Alisimama mlangoni pale pale aliposimama miezi mitatu nyuma. Alikuwa amekonda kweli. Alimwamkia Shangazi, akamwamkia mama yake, na alipofika kwa Sindano salamu ikakosa pa kuanzia. Walitazamana tu. Ilikuwa muda mfupi, lakini Shangazi aliona vyema aende kupanga rafu ambayo ilikuwa imepangwa.

"Ingia," Mkunga alimwambia. "Unazuia mwanga."

Akaingia. Mama yake akamwamuru ashushe mikunjo ya shati. Ngazi akamtazama kama mtu aliyesikia vibaya. Mama akarudia. Akashusha wa kulia, kisha taratibu wa kushoto, na ukingo ukamfunika nusu ya kiganja.

Sindano akachukua utepe wa kupimia, akamkaribia. Alinukia jua na chuma, kama zamani. Akaweka ncha ya utepe begani, akaishusha hadi kwenye kifundo cha mkono, akasoma.

"Amesema nini?" Ngazi alinong'ona.

"Amesema nikupime."

"Basi?"

"Kwa leo." Akaongeza sauti ili Shangazi aandike. "Sitini na tisa."

"Hamsini na tisa," alisema Mkunga kutoka kwenye kiti, bila kutazama utepe. "Mkono unakutetemeka, fundi. Utamfumia mwanangu sweta la tembo."

Sindano akarudia, na utepe ukateleza tena begani. Mkunga akaguna. Akainuka, akavaa viatu vyake, akaja akasimama upande wa pili wa mwanawe, akaichukua ncha ya utepe vidoleni mwa Sindano na kuigandamiza kwenye mshono wa bega, imara, kama mtu aliyeshika vitu vidogo vinavyoteleza maisha yake yote.

"Mimi nashika hapa juu," alisema. "Wewe maliza huko chini."